Ugali Alioula Dubu

Kwa ninavyojua mimi, dubu mweupe amekula ugali mara moja tu tangu dunia iumbwe, na ugali huo niliusonga mimi, Simiyu wa Ndalu, Bungoma. Aliula wote, pamoja na kitambaa nilichoufunikia, kisha akalamba sufuria ya mchuzi mpaka ikang'aa. Nilikuwa nimesimama hatua sitini kutoka kwake, mkononi nina mitungi miwili ya maji. Sijawahi kuwa na mteja aliyemaliza chakula changu vizuri hivyo, na hakuna mteja niliyejuta kumpikia kama yule.

Hatua sitini sikukisia. Baadaye, niliporuhusiwa kutembea pale, nilizihesabu.

Mwalimu wenu wa upishi hapo Kitale ndiye aliyeniomba niwaandikie. Aliniambia nisiandike mambo ya vyeti, mnayasikia kila siku. Nilipokuja kuwasalimu mwezi uliopita, binti mmoja wa mstari wa mbele aliniuliza, "Kuka, ulimwogopa huyo dubu?" Akaniita babu kwa Kibukusu chetu, nikafurahi, nikamjibu ovyo kwamba sikuogopa. Sasa namjibu sawasawa. Niliogopa, lakini hofu yenyewe haikuwa ya kuliwa. Mtaona ilikuwa ya nini.

Nimepika miaka thelathini na mmoja. Nilianzia jikoni kwa hoteli moja ya Kitale, chini ya Mzee Kariuki, ambaye watu wake walitoka Nyeri wakapata shamba upande wa Trans-Nzoia yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mzee Kariuki hakuwa na vipimo. Aliweka mkono juu ya mafuta akajua kama yako tayari, na mimi nilipojaribu hivyo niliungua vidole viwili. Akaniambia, "Nilisema juu ya mafuta. Sikusema ndani."

Jambo moja alilonifunza halikuwa la moto wala chumvi. Wiki yangu ya pili nilitia chumvi kwenye supu, nikaitwa kupokea mkaa, nikarudi nikatia tena. Nilipoonja nikanyamaza, nikaiacha itoke. Wateja wakairudisha. Mzee Kariuki hakunifokea. Alinivua aproni, akanishika bega, akanipeleka meza kwa meza. "Mwambie huyu mzee ni nani alitia chumvi." Nikasema ni mimi. "Sasa mwambie huyu mama." Meza saba. Wengine walicheka, mmoja akanitukana. Tuliporudi jikoni akanirudishia aproni, akasema, "Sasa umemaliza. Ungenyamaza, ungekuwa unaitia chumvi mpaka leo."

Kutoka hapo nilienda kupikia kambi ya wapanda milima juu ya Elgon, upande wetu wa Kitale. Kule asubuhi majani yanakuwa na barafu, na mkate unaokwa ndani ya sufuria. Nyinyi mna oveni za kubonyeza, lakini jifunzeni hii, itawafaa siku stima ikipotea. Sufuria kubwa, ndani unaweka mawe matatu bapa, juu ya mawe unaweka sufuria ndogo yenye unga uliokandwa. Unafunika. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Watu wengi hukosea kwa kuweka makaa mengi chini, mkate unaungua tako na kichwa kinabaki kibichi. Mkate unaiva kutoka juu.

Mkate huo ndio ulionipeleka mbali. Mgeni mmoja, Madam Helen, mama mrefu wa Kanada mwenye nywele fupi za mvi, aliula asubuhi moja ya baridi kali, akauliza oveni iko wapi. Nikamwonyesha sufuria. Aliizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaniambia ana kambi kaskazini kabisa ya nchi yao, mahema manane kando ya bahari iliyoganda, inayofunguliwa miezi ya kiangazi tu, na kila mwaka mpishi wake anamwacha kwa sababu hajui kupika bila stima. Nilidhani ni maneno ya wageni. Baada ya miezi mitano barua ikafika.

Mke wangu, Mama Ruth, aliisoma mara tatu.

"Baba Ruth, huko kuna nini?"

"Barafu."

"Na watu?"

"Wachache."

"Sasa utampikia nani?"

Jirani yangu Wekesa naye alikuwa na swali la kitaalamu. "Ati unaenda kuwasha moto juu ya balafu? Si itayeyuka uzame na sufuria, bana?" Nilimcheka. Nilipofika huko niligundua kwamba lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa, kwa sababu hata kambini walilifikiria: mahema yalikuwa juu ya kokoto za nchi kavu, si juu ya barafu.

Nilibeba unga wa mahindi kilo kumi na mwiko wa soko la Tongaren. Askari wa uwanja wa ndege aliugeuzageuza ule mwiko, akaunusa, akaniuliza ni silaha ya aina gani. Nikamwambia inategemea ni nani anaushika.

Ndege ya mwisho ilikuwa ndogo, yenye magurudumu manene kama ya trekta, na ilitua juu ya changarawe. Ilipoondoka nikatazama pande zote. Hakukuwa na mti. Hebu fikirieni, mtu wa Bungoma, ambaye mpaka wa shamba lake ni mikaratusi na mpaka wa jirani ni mikaratusi, asimame mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni yeye mwenyewe. Na jua lilikuwa halitui. Linazunguka tu juu ya kichwa kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi. Wiki ya kwanza nililala na soksi usoni. Ilikuwa imefuliwa.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya maharagwe. Mlimani maharagwe hayaivi haraka. Ukiwa juu sana maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, kwa hiyo unayaloweka tangu jana yake na bado unayachemsha nusu ya siku. Mimi nilifikiri baridi ndiyo inayozuia maharagwe, na huku baridi ilizidi ya Elgon. Nikayaloweka, nikayawasha mapema, nikaenda kukata vitunguu. Niliporudi nilikuta uji. Kumbe baridi si kitu. Kambi ile ilikuwa usawa wa bahari, na kwenye usawa wa bahari maharagwe yanaiva haraka kuliko hata hapa Kitale. Kwa hiyo mkienda kupika mahali pageni, msiulize kuna baridi kiasi gani. Ulizeni mko juu kiasi gani.

Aliyeula uji ule bila kulalamika ni Paulusi. Yeye ni Mwinuiti, mwenyeji wa kule, mfupi, mpana wa mabega, na ndiye aliyekuwa mwongozaji na mlinzi wetu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye barafu na kutazama dubu wasikaribie. Alitembea na bunduki begani hata akienda msalani. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kwao na changu cha kwetu. Siku niliposonga ugali kwa mara ya kwanza alimega, akatafuna, akafikiri.

"Hauna ladha."

"Ladha iko kwa mboga," nikamwambia.

"Basi huu ni wa nini?"

"Ni wa kubeba mboga."

Akatafuna tena. "Kwetu tuna mikono," akasema, lakini akamaliza. Baada ya hapo aliuulizia kila wiki, akausifu kwa sababu moja: mtu akiula asubuhi, anaweza kukaa juu ya barafu mpaka jioni bila tumbo kupiga kelele. Yeye naye alinikatia samaki mbichi aliyeganda kama jiwe, vipande vyembamba kama karatasi. Nilifumba macho. Ana ladha ya maji safi. Mama Ruth niliyemweleza kwa simu ya satelaiti, ambayo tuliruhusiwa dakika tano kila Jumapili, alisema nisirudi na tabia hiyo nyumbani.

Sasa niwaeleze sheria, maana hapo ndipo palipovunjika.

Siku ya kwanza niliona jikoni limewekwa mbali na mahema ya kulala, hatua mia moja nzima. Nikaona ni dharau. Nikadhani wapishi huku hawatakiwi karibu na watu. Paulusi akanieleza kwamba dubu mweupe ananusa chakula kutoka mbali ambako jicho halifiki, na akija, afadhali aje jikoni kuliko alikolala mtu. Mahema ya kulala yalizungushiwa waya wa umeme. Jikoni halikuwa na waya. Kisha akanipeleka kwenye dramu nne za chuma zenye kufuli.

"Chakula kina mahali patatu," akasema. "Mdomoni, motoni, au humu ndani. Hakuna mahali pa nne."

Nikasema nimeelewa. Kiangazi chote cha kwanza nilishika sheria hiyo vizuri hata Madam Helen akanipa ufunguo wa dramu nikae nao mwenyewe. Nataka mjue kwamba sikuwa mjinga wala mgeni. Yaliyotokea yalitokea kiangazi cha pili, nikiwa nimeshazoea.

Siku hiyo Paulusi aliondoka asubuhi na wageni wawili kwenda kwenye ukingo wa barafu, pale bahari inapofunguka. Walitakiwa kurudi saa sita. Saa nane walikuwa bado. Wageni wanne waliobaki walikuwa wamekula, wamepumzika kwenye mahema yao. Mimi nilikuwa na chakula cha watu watatu: mchuzi wa nyama na ugali, ambao Paulusi alikuwa ameuomba. Maji yalikuwa yameisha, na kijito kiko nyuma ya kilima. Hakuna anayeruhusiwa kutoka kambini bila bunduki, kwa hiyo Madam Helen akachukua yake akanisindikiza. Alitangulia polepole, mimi nikabaki nyuma kufunga jikoni.

Hapo ndipo nilipofikiri kama mtu wa Ndalu.

Kwetu, baba yangu akichelewa sokoni, chakula chake kilikaa mezani kimefunikwa. Mama hakukifungia kabatini hata siku moja. Kumfungia mtu chakula ni kumwambia hukumtarajia. Nikawaza Paulusi atafika na baridi yake na njaa yake, akute jikoni limefungwa, kufuli kwenye dramu, na ufunguo uko mfukoni mwangu kijitoni. Nikaona aibu. Nikachukua sanduku la mbao, nikaliweka nje kando ya mlango, upande wenye jua usio na upepo. Juu yake nikaweka sufuria ya mchuzi na sahani ya ugali, nikafunika kwa kitambaa safi, nikaweka mawe madogo kwenye pembe. Nilisimama nikakitazama. Kilipendeza. Ningeweza kumwita Paulusi kwa redio nimuulize yuko wapi. Redio ilikuwa inaning'inia kwenye mlingoti, mbele ya uso wangu. Sikuiwaza. Nikachukua mitungi nikamfuata Madam Helen.

Tulirudi baada ya kama nusu saa. Madam Helen alisimama ghafla mbele yangu, akanyoosha mkono nyuma kunizuia. "Usikimbie," akasema kwa sauti ya chini. "Simama tu."

Alikuwa dubu mdogo, mwembamba, rangi yake kama siagi iliyokaa. Paulusi baadaye alikisia kuwa ana miaka mitatu, umri ambao wameachana na mama na hawajajua vizuri kuwinda. Alikuwa amesimama mahali palepale nilipokuwa nimesimama mimi nikitazama chakula kilivyopendeza. Alishaumaliza ugali. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia mdomoni mwake, akakivuta ndani kidogo kidogo, kisha akaingiza kichwa kwenye sufuria.

Madam Helen aliwaambia wageni kwa redio wasitoke ndani ya waya. Akatia risasi ya kelele, ile inayopasuka hewani kama fataki, akapiga. Dubu aliinua uso. Akatutazama. Akarudi kwenye sufuria. Risasi ya pili ndiyo iliyomwondoa, na hakuondoka mbio. Alitembea kuelekea baharini, akageuka mara moja kutazama alikotoka, akaendelea.

"Bahati nzuri," Madam Helen akasema, akipumua. "Ameambulia sufuria chafu."

Yeye alidhani niliitoa nje ili nije kuiosha. Nilibeba mitungi mpaka jikoni nikamimina maji kwenye pipa, na mikono yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa.

Paulusi alifika baada ya saa moja. Walichelewa kwa sababu ufa ulifunguka kwenye barafu wakalazimika kuuzunguka. Madam Helen akamweleza. Aliuliza swali moja tu.

"Alipata chakula?"

"Hapana," Madam Helen akasema. "Sufuria ya kuoshwa."

Vijana, hapo palikuwa na mlango wazi kabisa wa kutokea. Mama mwenye kambi ameshajibu. Ushahidi uko tumboni mwa dubu. Nilikumbuka meza saba za Kitale.

"Ilikuwa imejaa," nikasema. "Mchuzi na ugali. Nilikuwekea wewe."

Paulusi akanigeukia. "Uliniwekea mimi."

"Ulichelewa."

"Wote?"

"Wote. Na kitambaa."

Akacheka kidogo, puani, halafu uso wake ukabadilika. Akatazama bahari. "Basi atarudi," akasema. "Dubu ambaye hakupata kitu anasahau. Huyu ameshafundishwa. Atarudi hapa, na akikosa hapa ataenda kwenye kambi nyingine, kwenye kibanda cha mtu, popote penye harufu kama ile. Na dubu anayekuja kwa watu kutafuta chakula anapigwa risasi. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, na ni sheria ya haki. Huwezi kungoja achague kati ya sufuria na mtoto."

Nilisema nirudishwe nyumbani na ndege inayofuata. Paulusi ndiye aliyejibu. "Aende wapi? Aoshe."

Nikaosha. Siku tatu hatukupika chochote. Mimi, niliyevuka bahari kwa sababu ya mkate, niliwapa wageni biskuti, matunda makavu na chai. Mzee mmoja kati yao alikuwa akija kila asubuhi kuniuliza kwa upole supu itarudi lini. Nilisugua sanduku, mlango na mlingoti kwa maji ya moto na siki. Nguo zangu zote nikazifua mara mbili. Pale mchuzi ulipomwagika, Paulusi alinionyesha niondoe kokoto mpaka kina cha mkono, nizitie kwenye dramu, tuifunge iende na ndege. Nikauliza kama kina cha kidole hakitoshi. Akasema, "Pua yako ndiyo haitoshi."

Siku ya pili akaniambia, "Leo utakaa na mimi uone." Tulilala kifudifudi nyuma ya jiwe kubwa, upande ambao upepo ulitupiga usoni. Alikuwa na bunduki mbili. Moja ilikuwa na risasi za mpira. Ya pili ilikuwa ya kweli, ameilaza karibu na mkono wake wa kulia. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Kijiji chao hupewa idadi ya dubu wa kuwinda kwa mwaka, na wawindaji hupigiwa kura. Dubu akiuawa kwa kuingia kambini, anahesabiwa kwenye idadi hiyohiyo, na mtu mmoja kijijini anapoteza zamu yake.

"Mwaka huu kura imemwangukia dada yangu," akasema. "Amengoja miaka sita."

Nilikuwa nimemuwekea mtu chakula kwa heshima, na heshima hiyo sasa ilikuwa inamwinda dubu na zamu ya dada yake.

Alikuja saa tisa, karibu saa ileile. Hakuyatazama mahema. Alienda moja kwa moja mahali pa sanduku, akainamisha pua kwenye shimo nililochimba, akanusa sana. Paulusi akampiga risasi ya mpira kwenye paja. Dubu aliruka juu miguu yote minne, akatimka, na safari hii alikimbia kweli.

"Hiyo ni vizuri?" nikauliza.

"Tutajua kesho."

Kesho yake akarudi. Alitokea upande wa baharini, akasimama mbali, kama hatua mia tatu, akainua pua. Tulikuwa nyuma ya jiwe lilelile. Paulusi aliisukuma bunduki ya mpira kando. Mkono wake ulikuwa juu ya ile nyingine.

"Unaliona lile jiwe jeupe?" akasema. "Akilipita, basi."

Nilikuwa nimeanza kumhesabia hatua bila kujijua. Alitembea, akasimama, akanusa, akatembea. Nilifika arubaini na mbili. Jiwe jeupe lilikuwa limebaki mbele yake kama urefu wa trela ya miwa. Hapo akaketi chini, kama mbwa, akatazama upande wetu. Paulusi alikuwa ameshaweka shavu kwenye bunduki. Sijui ilikuwa muda gani. Halafu dubu akainuka, akajikung'uta, akageuka akafuata ufuo kuelekea kaskazini, hakutazama nyuma.

Paulusi aliondoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni, akafunga kifungo. "Supu," akasema. "Mwambie yule mzee kesho kuna supu."

Hatukumwona tena kiangazi hicho. Dada yake Paulusi alipata zamu yake majira ya kuchipua yaliyofuata.

Madam Helen hakunifukuza. Alichukua ufunguo wa dramu kwa wiki mbili, akaurudisha. Mimi nikatafuta njia ya kumtunza anayechelewa bila kuwa na mahali pa nne, na hii mwiandike, kwa sababu hata mkipikia watalii Elgon kuna nyani: chakula cha anayeondoka kinaondoka naye. Thermosi ya mdomo mpana, unaipasha kwanza kwa maji yanayochemka dakika kumi, unamwaga, unatia mchuzi wa moto sana mpaka juu kabisa, usiache nafasi ya hewa. Unakaa moto mpaka jioni hata juu ya barafu. Ugali hauwezi thermosi, unalowa jasho, kwa hiyo uusonge mgumu, uukate vipande, uufunge peke yake ndani ya karatasi na taulo, mtu auweke ndani ya koti. Paulusi alitembea na ugali kifuani viangazi vitatu. Alisema unapasha joto kuliko koti.

Baada ya hapo goti langu likakataa, nikarudi Ndalu kabisa. Nina ekari mbili za mahindi na vitunguu nyuma ya nyumba. Sasa kijiji cha Paulusi kina mtandao mzuri kuliko wetu, na hunitumia picha. Ananiuliza mvua imenyesha, mimi namuuliza barafu imefunga.

Mwaka jana, baada ya sisi kumaliza kuvuna, alinitumia ujumbe mrefu kuliko kawaida yake. Binamu yake ana kibanda cha uvuvi kando ya mto, safari ya siku moja kaskazini ya ilipokuwa kambi yetu. Dubu dume alifika hapo mchana. Nje palikuwa na nyama ya sili, mnyama wa bahari anayewindwa kule, imetundikwa, chakula ambacho dubu yeyote angekifuata kwanza. Aliipita. Alienda kwenye sufuria iliyowekwa mlangoni ipoe. Ndani ya kibanda mlikuwa na watoto wawili. Binamu yake akampiga risasi.

Nilimuuliza Paulusi kama dubu huyo alikuwa na alama kwenye paja. Akanijibu kwamba mpira hauachi alama. Nikamuuliza kama alikuwa na namba sikioni, kama wale wanaowekewa na wataalamu. Hakuwa nayo, na wetu pia hakuwa nayo. Alinikumbusha kwamba dubu wote wana pua, na sufuria ni sufuria. Hilo ni kweli, na nimelishika sana.

Kuna njia moja ya kujua, au ya kukaribia kujua. Kila dubu anayeuawa kule, jino lake moja hutolewa na kupelekwa maabara, linakatwa, na miaka inahesabiwa kwenye jino kama inavyohesabiwa kwenye shina la mti. Yule wetu kama alikuwa na miaka mitatu kiangazi kile, angekuwa na minane. Jino likisema minne, au kumi na miwili, basi alikuwa mwingine. Likisema minane, bado anaweza kuwa mwingine.

Paulusi alilipeleka jino mwenyewe kwenye ofisi ya kijiji. Huu ni mwezi wa tisa tangu alipeleke. Juzi nilimwandikia tena, akasema majibu hayajaja.